Boksi la Vitabu Kwenda Ukerewe

Kabla ya safari hii, Ukerewe nilikuwa naijua kwa kusikia: kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, machungwa yanayouzwa Mwanza kila msimu, na riwaya ya Aniceti Kitereza ambayo walimu wetu wa Kiswahili waliitaja mara kwa mara lakini darasani petu hakuna aliyewahi kuishika. Basi jamaa zangu wanaokusanya vitabu vya hadithi vya watoto waliponiomba nivifikishe kwenye shule moja ya msingi huko kisiwani, sikusita. Nilichouliza ni uzito wa boksi tu.

Lilikuwa zito kweli. Ndugu yangu mmoja anayeuza simu Kariakoo alinikuta nalifunga kwa kamba ya katani, akaangua kicheko. “Kaka, mbona unajitesa? Vitabu vyote hivyo vinaenea kwenye kadi ndogo kuliko kucha. Tia kwenye kishikwambi kimoja, wapelekee.” Hoja yake haikuwa ya kupuuza. Kishikwambi cha bei nafuu kingebeba hadithi zote za boksi lile na nyingine mara kumi yake, na nafasi ingebaki. Nilimjibu kwamba nikifika nitaangalia mwenyewe kipi kinawafaa watoto zaidi, nikajitwisha mzigo wangu.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Pale stendi ya Mbezi kondakta alilisukuma boksi kwa mguu, likagoma kusogea, akanidai nauli ya mzigo. Baada ya hapo ni Morogoro, Dodoma, kuku wa Singida dirishani, Shinyanga gizani, na hatimaye vilima vya mawe vya Mwanza vyenye nyumba zilizong’ang’ania mpaka juu kabisa.

Bandarini mchukuzi aliliinua boksi begani, akalishusha tena. “Mjomba, umebeba nondo?”

“Vitabu.”

“Heri zingekuwa nondo, ningejua nikudai shilingi ngapi.”

Meli ya kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, huchukua saa tatu na ushei. Abiria walikuwa wamejipanga katikati ya magodoro, mabati, kreti za soda na matenga ya vifaranga. Nilikaa juu ya boksi langu. Kando yangu alikaa mwalimu kijana wa shule nyingine ya kisiwani, na alipojua nilichokalia alifungua begi lake akatoa kishikwambi chenye ufa kwenye kona, uliozibwa kwa selotepu.

“Hiki kilihesabu watu,” alisema.

Nilivijua vishikwambi hivyo. Serikali ilivinunua kwa ajili ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, na kazi ya kuhesabu ilipokwisha vikagawiwa walimu. Cha kwake kilikuwa kimejaa vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ambavyo alivipakua bure kutoka maktaba mtandao ya taasisi hiyo: vya darasa la kwanza mpaka la saba, pamoja na mihtasari na viongozi vya mwalimu.

“Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza kwa darasa la kwanza na la tatu, mimi sikusubiri lori wala meli,” aliniambia. “Softikopi niliipata nikiwa nyumbani. Hadikopi zikaja baadaye.”

Kwa mtu wa bara neno hilo linaweza kupita hivi hivi. Kwa mwalimu wa kisiwani ambaye kila kitu chake, kuanzia chaki hadi saruji, kinavuka maji, kitabu kisichohitaji kupakiwa wala kupakuliwa ni faraja kubwa. Nilimuuliza kama wanafunzi wake nao wanakisoma kile kishikwambi. Alicheka kidogo. “Wao wananisoma mimi,” akasema.

Nansio tulifika jua likiwa bado kali. Boksi likafungwa nyuma ya bodaboda, mimi nikapanda nyingine, tukapita mihogo, michungwa na viambaza vya udongo mwekundu mpaka shuleni. Mwalimu mkuu, mama wa makamo mwenye sauti ya kuzoea uwanja wa gwaride, alitoka ofisini kutupokea.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Pole na safari. Mzigo wote huo ni wetu?”

Kabla ya kulifungua boksi nilimwomba niingie darasa la tatu nikae nyuma. Watoto walikuwa zaidi ya mia moja, wanne wanne na watano watano kwenye dawati. Wakasimama wote kunisalimia, wakaketi kwa kishindo, na mwalimu wao akaendelea na kipindi cha Kiswahili kwa kutumia kishikwambi chake. Habari ya siku hiyo ilikuwa na picha, naye alitaka waione. Akakiinua juu ya kichwa. Dirisha lilikuwa nyuma yake na mwanga ukapiga kioo. “Mwalimu, hatuoni!” walilalamika wa nyuma.

Akabadili mbinu. Kishikwambi kikaanza kupita dawati kwa dawati. Dawati la kwanza waliitazama picha wakaridhika. La pili kuna aliyegusa kwa vidole viwili, picha ikavimba mpaka likabaki jicho moja la ng’ombe kwenye kioo chote, wakapata la kuchekea. Kilipofika la tatu kikazima chenyewe, kikadai nywila. Mwalimu akakichukua, akakifungua, akakiweka juu ya meza yake, akashika chaki. Akanakili habari yote ubaoni, sentensi kwa sentensi, na watoto wakainakili kwenye madaftari. Kipindi kilipokwisha kila mmoja alikuwa na nakala yake: ya mkono, kwa penseli, ya kwenda nayo nyumbani.

Nilipotoka nilikuwa karibu kuamini kwamba karatasi imeshinda. Mwalimu mkuu ndiye aliyenirudisha nyuma, tena bila kukusudia. Ofisini kwake palikuwa na kabati la mbao lenye kufuli kubwa. Alilifungua ili apate nafasi ya vitabu vyangu, na ndani nikaona vitabu vya kiada, vipya, vimepangwa vizuri na vimegongwa muhuri wa shule.

“Hivi huwa wanakwenda navyo nyumbani?”

“Nyumbani?” Aliniangalia kama niliyetaja mwezini. “Vinaingia darasani asubuhi, mchana vinarudi hapa. Wathibiti ubora wakija wanahesabu. Kikipungua kimoja, maelezo natoa mimi.”

Sikuweza kumlaumu. Mali ya serikali ina leja, leja ina saini, na saini ni yake. Lakini hapo ndipo nilipoona kwamba vitabu vya kabatini na vile vya kwenye kishikwambi vina hali moja. Vyote vilikuwa chini ya ulinzi wa mtu mzima anayeogopa kuvilipa, na jioni ikifika hakuna hata kimoja kilicho mkononi mwa mtoto.

Tukafungua boksi. Vilikuwa vitabu vyembamba vya hadithi, vingi vikiwa vimebanwa kwa pini mbili mgongoni. Mwalimu mkuu aliruhusu kundi la darasa la nne wavishike chini ya mwembe. Nilimfuata kwa macho binti mmoja aliyechagua hadithi ya wanyama na kisima. Alianza na picha ya mwisho, akaridhika kwamba sungura hakufa, ndipo akarudi mwanzo. Mwenzake alisoma naye bega kwa bega. Walipofika katikati wakabishana ni nani aliyelinda kisima siku ya kwanza. “Ni kobe.” “Siyo, kobe ni siku ya mwisho.” Binti akafunua kurasa kurudi nyuma bila kusita, akapiga kidole kwenye kona ya chini ya ukurasa wa kushoto, akasema: “Si huyu hapa? Fisi.” Alikuwa anakumbuka mahali. Neno kwake lilikuwa na upande, na kina ndani ya kitabu, na karatasi kadhaa juu yake.

Watafiti wamejaribu kulipima jambo hilo. Mwaka 2018 jopo la wataalamu kutoka Hispania na Israel lilikusanya tafiti 54 zilizofanywa kati ya 2000 na 2017, zenye wasomaji zaidi ya 170,000, zikilinganisha kusoma matini zinazolingana kwenye karatasi na kwenye kioo. Waliosoma kwenye karatasi walielewa vizuri zaidi, hasa katika matini za maarifa na pale msomaji alipobanwa na muda. Kwenye hadithi tofauti haikuonekana. Na kilichowashangaza wengi ni kwamba kadiri miaka ilivyosonga, pengo halikupungua, lilikua. Kuzoea vioo hakukuwafanya watu wavisome kwa makini zaidi. Nikiyachukua matokeo hayo chini ya mwembe ule, yanakata pande mbili. Kitabu cha Sayansi au cha Hisabati, kile kinachofungiwa kabatini, ndicho chenye sababu kubwa ya kuwa karatasi mkononi mwa mtoto. Hadithi haina ugomvi na kioo, mradi kioo kipatikane.

Kama kinapatikana, niliona usiku huo. Nililala kwa familia ya mwalimu mmoja. Baada ya ugali, sato na mlenda, baba mwenye nyumba aliwapa watoto simu janja yake wasome hadithi alizopakua kutoka African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini ambao huweka hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, bure kwa anayetaka kuzisoma, kuzitafsiri au kuzichapa. Vichwa vitatu vilibanana juu ya mwanga mdogo. Mkubwa alisoma kwa sauti, mdogo akawa anafukuza kurasa kwa kidole kabla sentensi hazijaisha. Ukurasa wa tano simu ikaita. Baba akaichukua, akatoka nje, akazungumza bei za dagaa na mtu wa Mwanza mpaka watoto wakapoteza hamu. Iliporudi ilikuwa imebaki na chaji kidogo, na chaji hiyo ilikuwa na kazi nyingine za asubuhi.

Bibi yao alikuwa amekaa kwenye mkeka, akisikiliza. Kila mjukuu alipomaliza ukurasa alimuuliza kwa Kikerewe nini kimetokea, na mtoto akamsimulia kwa Kikerewe. Hadithi ikawa inasomwa mara mbili. Baadaye aliniuliza, kupitia mwanawe, kama katika lile boksi langu kipo hata kimoja cha Kikerewe. Hakikuwepo.

Swali la bibi ndilo lililonipeleka Kagunguli siku iliyofuata. Huko kwenye misheni ya Wakatoliki ndiko Kitereza alikoishi na kufanya kazi na mapadri kwa miaka mingi. Alizaliwa 1896. Kufikia 1945 alikuwa amemaliza riwaya kubwa ya maisha ya Wakerewe wa zamani, kuhusu ndoa, uganga, kilimo, uvuvi na taabu ya kukosa mtoto, na aliiandika kwa Kikerewe ili watu wa kisiwa chake wasije wakasahau walikotoka. Mchapishaji hakupatikana. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache mno kuweza kulipa gharama ya kupanga herufi, karatasi na wino. Mswada ukakaa. Mwishowe mzee mwenyewe aliutafsiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980 katika majuzuu mawili, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Miaka 35 ilikuwa imepita. Mwaka uliofuata Kitereza akafariki. Mwaka 2002 tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine aliyezaliwa Ukerewe, ilichapishwa na Mkuki na Nyota, kampuni ya Walter Bgoya, yule yule aliyekuwa meneja wa Tanzania Publishing House riwaya ilipotoka.

Nikiwa pale Kagunguli nilimkumbuka mwalimu wa melini na softikopi zake. Uchapaji wa karatasi una sheria ngumu: gharama kubwa iko mwanzoni, kwa hiyo nakala mia mbili huwa ghali sana na nakala elfu ishirini huwa nafuu. Lugha ndogo hufia kwenye hesabu hiyo. Faili halina sheria hiyo. Hadithi ya Kikerewe yenye kurasa kumi na sita, iliyosimuliwa na bibi yule na kuandikwa na mjukuu wake, ingeweza kuwekwa mtandaoni bila mtu kuuliza soko liko wapi. Na isiishie huko. Nansio kuna steshenari zenye printa na mashine ya fotokopi. Faili likifika hapo, nakala ishirini zinabanwa pini na kukatwa kingo kabla ya chai ya saa nne.

Jioni mwalimu mkuu aliita walimu wake, nami nikaruhusiwa kusikiliza. Alitaka kuamua vitabu vya boksi vikae wapi. Wa kwanza kusema alipendekeza kabatini. Mwalimu wa darasa la tatu, yule wa kishikwambi, ndiye aliyeuliza swali lililobadilisha mazungumzo: “Hivi navyo wathibiti wanavihesabu?”

Hawavihesabu. Havina muhuri wa serikali, havimo kwenye leja ya shule. Kikizama kwenye mtumbwi, kikitafunwa na mbuzi, kikichanwa na mdogo mtu, hakuna anayeandikiwa barua. Mwalimu mkuu alinyamaza kidogo, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nilipofika. Wakakubaliana: kila Ijumaa mtoto anaondoka na kitabu kimoja, anaandika jina lake kwenye daftari la kantabuku, Jumatatu anarudisha na kumsimulia jirani yake alichosoma. Kishikwambi kibaki kwa mwalimu, awasomee hadithi ndefu na kutafuta mpya. Vya kabatini vibaki kabatini, kwa sasa.

Kurudi nilipita njia nyingine: kivuko kifupi cha Rugezi kwenda Kisorya, kisha gari hadi Bunda. Karibu yangu kwenye kiti alikaa kijana wa kidato cha nne, yuko likizo, simu mkononi, kantabuku mapajani. Alikuwa anapitia mitihani ya Necta ya miaka ya nyuma, ya Fizikia, kwa pdf. Anasoma swali kwenye simu, anafunika kioo kwa kiganja, anakokotoa kwenye daftari, anafunua kuhakiki.

“Mitihani hii yote ukiinunua imechapwa ni hela nyingi, kaka,” alisema. “Humu nimetumiwa na rafiki, sijalipa kitu.”

“Na shuleni?”

“Shuleni simu marufuku. Ukikamatwa nayo ni kosa kubwa. Kwa hiyo nikirudi nanakili yale ya muhimu kabisa.”

Kijana huyu alikuwa amemaliza ugomvi wa karatasi na kioo bila semina yoyote. Kioo kilimpa wingi, karatasi ilimpa utulivu, na kalamu ikaviunganisha. Ila yeye ana miaka kumi na saba, anajua anachokitafuta, na simu ni yake. Mtoto wa darasa la tatu hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Kenya iliamua kuanzia kwa wadogo hao: mwaka 2016 ilizindua mpango wa kupeleka tabuleti kwa darasa la kwanza katika shule za umma, na zaidi ya vifaa milioni moja vikagawiwa nchini. Sweden, iliyotangulia kuingiza vioo madarasani, mwaka 2023 ilianza kutenga fedha za kurudisha vitabu vya kuchapwa. Nchi hizo hazifanani na sisi wala hazifanani zenyewe kwa zenyewe, lakini zote mbili zilianza kwa kuuliza chombo gani kinunuliwe.

Mimi safari imenipa maswali mengine mawili, ambayo sasa namuuliza kila anayenijia na mradi wa kusomesha watoto. Kwanza, kitabu hiki kitalala wapi usiku? Pili, kikipotea, nani atakilipa? Kishikwambi cha laki kadhaa kitalala ofisini, kwa sababu hakuna mzazi wa kisiwani atakayekubali deni hilo, wala mwalimu atakayelikubali kwa niaba yake. Kitabu cha kiada kitalala kabatini mpaka siku wakaguzi watakapokubali kwamba kitabu kilichochakaa kimetumika na kilicho kipya baada ya miaka miwili kimezembewa. Kitabu chembamba cha pini mbili, ambacho kupotea kwake hakumtoi mtu jasho, kitalala kitandani kwa mtoto, na bibi atasimuliwa.

Boksi la pili tunaliandaa. Litakuwa na vichwa vichache na nakala nyingi za kila kimoja, ili wawili wakibishana kila mtu awe na chake cha kufunua. Mafaili yake yatatangulia kwa mwalimu wa darasa la tatu, na fedha tuliyotaka kununulia kishikwambi itapelekwa steshenari ya Nansio kama malipo ya awali ya uchapaji. Kazi ya kwanza ya kuchapwa ni hadithi tano za Kikerewe, walimu wakishamaliza kuzihariri.